Soksi ya Uwanja wa Ndege Haikulegea

Kwa Mheshimiwa Mchunguzi Mkuu wa Ajali za Ndege,

KUHUSU: KUITWA LAINI

Mheshimiwa,

Pokea kwanza salamu zangu, zimefuliwa na kunyooshwa. Mimi ni dobi. Duka langu liko mwisho kabisa wa njia ya kurukia ya uwanja wetu mdogo wa ndege, upande ule ambao hapo awali ulikuwa na uzio. Nasema hapo awali kwa sababu, kama unavyojua, Jumatatu ya wiki tatu zilizopita ndege ndogo ya injini moja ilikuja kutua saa tatu asubuhi, ikaelea juu ya njia yote kama inaionea kinyaa, ikatokea upande wa pili, ikaupitia uzio, ikaingia uani kwangu na kusimama katikati ya kamba za nguo. Rubani alichubuka pua. Abiria wake mmoja, daktari wa meno, alitokea dirishani akiulizia mkoba wake. Hakufa mtu, namshukuru Mungu, na kwa hiyo tunaweza kuzungumza mambo ya maana.

Nimeisoma ripoti yako ya awali, kurasa thelathini na moja. Nimeisoma nikiwa nimesimama, kwa kuwa kiti cha wateja kilivunjwa na gurudumu siku ile ile. Mpaka ukurasa wa nane nilikuwa nakusifu mbele ya mke wangu. Kuna michoro, kuna vipimo, kuna mshale mwekundu unaoonyesha ndege ilikotoka. Nikafunua ukurasa wa tisa nikakutana na maneno haya: "Soksi ya upepo ilikaguliwa na kukutwa laini, imelegea, katika hali ya kawaida."

Mheshimiwa, ile soksi niliifua mimi.

Kwa faida ya makarani wako wasiotoka ofisini, soksi ya upepo ni lile fuko refu la kitambaa linalotundikwa juu ya mlingoti pembeni mwa uwanja. Upepo ukivuma linajaa na kunyooka, upepo ukitulia linaning'inia. Rubani anayekuja kutua hulitazama kwanza ajue upepo unatoka wapi na una nguvu kiasi gani. Ni kitambaa, na kitambaa ni changu. Nina miaka thelathini na minne katika wanga na pasi, na haijatokea mtu akaandika neno "imelegea" karibu na kazi yangu, tena kwenye karatasi yenye mhuri. Naomba niyapange malalamiko yangu kwa namba, kama ninavyofanya kwa nguo za wateja, ili ya mtu mmoja yasiingie kwenye kapu la mwingine.

1. Neno lenyewe. Jumapili mchana msimamizi wa uwanja alikuja dukani na fuko hilo begani. Wageni kutoka makao makuu walikuwa waje kesho yake kukagua uwanja, naye hakutaka waione soksi iliyokolea vumbi na vinyesi vya kunguru, maana rangi yake ya machungwa ilikwisha kuwa rangi ya chai ya jana. Akaniambia, "Fundi, ifue tu." Mimi sifui tu, Mheshimiwa. Hata ukiniletea kitambaa cha jasho nakurudishia kitu ambacho utaona haya kujifutia. Nikailoweka, nikaisugua kwa sabuni ya kipande, nikaisuuza maji matatu, kisha nikaitia wanga. Si wanga wa mkono mmoja. Ni wanga wa mikono mitatu, ule wa kola za maharusi na majaji, wenye chumvi kidogo na nta ya mshumaa iliyoyeyushwa, siri niliyoachiwa na marehemu aliyenifundisha kazi na ambayo sasa naitoa bure kwa serikali. Nikaipiga pasi. Nikaivisha ndoo tatu zilizopangwa mstari ili ikauke ikiwa duara. Jumatatu alfajiri nikaichomoa, nikaigonga kwa ukucha, ikalia. Nikaisimamisha sakafuni kwa ncha yake, ikasimama yenyewe bila kushikwa. Mke wangu aliingia na kikombe cha chai akafikiri tuna mgeni, akarudi kuongeza kikombe. Kitu cha namna hiyo hakiitwi laini hata na adui.

2. Mkunjo. Picha yenu namba kumi na nne inaonyesha soksi hiyo, na kwenye picha kuna mstari mmoja mrefu kutoka mdomoni hadi nchani. Chini yake mmeandika "mkunjo unaotokana na uchakavu." Mheshimiwa! Ule ni mstari wa pasi. Niliupiga kwa makusudi, kwa kitambaa chenye maji, nikiwa nimeshika pumzi. Wachunguzi wako walifika Jumatano. Jumatatu ile ile saa nane mchana mvua ilianza kunyesha na haikukata mpaka Jumatano asubuhi, na hakuna wanga duniani unaovumilia siku mbili za mvua. Kwa hiyo mlimtazama bibi harusi siku ya tatu, amelowa, baada ya kusafiri kwa miguu, mkaandika kwamba hajawahi kupambwa. Lakini mstari wa pasi ulibaki, kwa sababu kizuri hakifutiki chote. Mkitaka kuhakikisha, chunguzeni ndani ya mdomo wa soksi. Mtakuta nimeshona namba 318 kwa uzi mwekundu, kama ninavyofanya kwa kila nguo inayoingia dukani. Na katika daftari langu, mstari wa 318, imeandikwa kwa mkono wangu: "Soksi moja, kubwa, ya mguu mmoja, imetoboka kidole. Wanga: mkali sana." Ukurasa huo nauambatanisha.

3. Ushahidi wa msimamizi. Huyu ametamka mbele yenu kwamba alitundika soksi "kama kawaida." Kama kawaida! Alikuja saa kumi na mbili asubuhi na baiskeli yake, akakuta soksi haikunjiki, hawezi kuifunga nyuma ya kiti alivyozoea. Tuliibeba wawili, yeye mbele mimi nyuma, kama watu wanaohamisha bomba, na watu waliokuwa wakienda kazini walitupisha. Alipopanda ngazi na kuifunga kwenye pete yake, ilibaki vile vile ilivyopanda, imenyooka kabisa kando ya njia ya kurukia. Nilikaa chini ya mlingoti robo saa nzima kuitazama. Hapakuwa na upepo hata wa kuzima kiberiti, nayo imenyooka. Kunguru wawili walikuja wakatua juu yake, wakatembea mpaka nchani, wakajadiliana, wakarudi. Haikuinama. Msimamizi aliyaona haya yote kwa macho yake mawili na akasema, "Fundi, leo wageni watakoma!" Kisha akaenda getini kupanga viti vya hao wageni. Leo anasema kama kawaida. Nimemuuliza kwa nini, akaniambia kanuni zenu zinakataza kitambaa cha uwanja kutoka nje ya uwanja bila kibali, na yeye ana watoto shuleni. Namsamehe kama jirani. Lakini kazi yangu haikutiwa wanga ili ije ifichwe nyuma ya watoto wa mtu.

4. Rubani. Hapa naomba unisikilize kwa makini kwa sababu jambo hili ni la kwangu pande zote mbili. Rubani wa ndege ile ni mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea tangu akiwa na miaka sita. Sare yake ya kwanza ya urubani nilimnyooshea mwenyewe, nikalia juu yake, ikabidi niinyooshe upya. Si kijana wa fujo. Ni mtu wa taratibu mno. Akienda kununua mkate, kabla ya kuvuka barabara hutazama kulia, kushoto na juu.

Katika maelezo yake kwenu, ukurasa wa kumi na mbili, amesema kwamba alipokaribia uwanja aliitazama soksi akaiona imenyooka sawasawa, ikimwonyesha kuna upepo mkali unaomjia usoni. Akafanya alivyofundishwa chuoni, akaongeza mwendo ili upepo huo usije ukamwangusha karibu na ardhi. Upepo hakuukuta. Mwendo aliouongeza ukabaki wa bure, ndege ikagoma kushuka, ikaelea na kuelea mpaka njia ikamwishia. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na zake ziliishia kwenye shuka.

Ninyi mkaandika kwamba maelezo hayo "hayaaminiki," kwa kuwa mashahidi wote wanane walisema asubuhi ile hapakuwa na upepo. Mmoja wa hao wanane ni mimi. Nilisema moshi wa pasi yangu ya mkaa ulipanda wima mpaka juu ya paa, na narudia hapa bila kupunguza neno. Kwa ajili hiyo mmemwandika mpwa wangu kuwa mzembe na mwongo, mmechukua leseni yake, na Alhamisi ijayo kamati itakaa kuamua kama atarusha ndege tena maishani mwake. Mtaani wamekwishampa jina, wanamwita Kimbunga. Akipita, watu wazima na akili zao wanashika kofia. Hali chakula vizuri. Kila siku huja uani kwangu kunisaidia kuanika, na ndege ikipita angani husimama na shati la mtu mkononi mpaka mlio upotee. Inaniuma, sifichi. Lakini nilimwambia ukweli wa kiume, nikamwambia mjomba wako nimefuga moshi miaka thelathini na minne na naujua upepo, siku ile haukuwepo. Mtu aliyeshindwa kutua asubuhi tulivu kama ile asitafute mchawi.

Basi, lawama zangu haziko kwenye leseni, hizo ni kazi zenu. Lawama zangu ni kwamba katika watu wote mliowahoji, mpwa wangu ndiye peke yake aliyeisema kazi yangu kama ilivyo. Amesema soksi ilikuwa imenyooka. Mimi nimesema hapakuwa na upepo. Mkaona lazima mmoja wetu ni mwongo. Mheshimiwa, nyumbani kwangu hakuna mwongo. Yote mawili ni kweli kabisa, na mtu yeyote anayejua wanga wa mikono mitatu asingepoteza hata nusu dakika kushangaa.

5. Vipimo. Injini mmeifungua mpaka skrubu ya mwisho. Mafuta mmeyatia kwenye chupa sita. Mpwa wangu amepulizishwa mrija, amesomeshwa herufi za ukutani kwa jicho moja moja, ameulizwa kama amegombana na mchumba (ndiyo, kwa sababu ya rangi ya mapazia). Daktari wa meno ameulizwa uzito wake mara mbili na mara zote mbili amepunguza. Lakini hakuna hata mmoja wenu aliyeomba kuona sufuria ya wanga! Iko pale pale chini ya meza, na mabaki ya Jumapili yameganda pembeni mpaka kisu hakiingii. Nilimkaribisha yule mchunguzi wako mrefu aliyekuwa akipima ua wangu kwa kamba. Akanijibu kwa adabu kwamba nguo haziko kwenye fomu. Nakuomba uniletee suruali yako moja, yoyote. Nitaitia mikono mitatu, nitakurudishia, na utaweza kuituma mkutanoni bila wewe kuwemo.

6. Shuka. Ukurasa wa kumi na tisa mmeandika kwamba ndege "ilisimamishwa na vizuizi laini." Laini tena! Neno moja mmelitumia mara mbili dhidi ya mtu mmoja. Vizuizi hivyo vilikuwa shuka ishirini na mbili za nyumba ya wageni, zimetiwa wanga wa mikono miwili na zimekauka. Daktari wa meno aliniambia kwamba zilipopigwa na bawa zililia kama milango inayofungwa kwa hasira. Shuka laini zingejifunga kwenye panga la mbele na kuchanika. Zangu ziliipokea ndege kwa zamu, moja baada ya nyingine, mpaka ikachoka. Hatua ishirini nyuma yake kulikuwa na tangi la mafuta ya taa la jirani. Kama ripoti ingetafuta haki, ingesema wazi kwamba wanga ndio uliowaokoa watu wawili. Wala sidai fidia ya shuka. Nadai sifa.

7. Ninachoomba. Kwanza, neno "laini" lifutwe ukurasa wa tisa na mahali pake paandikwe "ngumu kwa namna ambayo haijawahi kuonekana." Pili, jina la duka langu litajwe kwenye hitimisho, hata kama ni kwa herufi ndogo. Tatu, na hili ndilo lenye manufaa kwa taifa, naomba upendekeze rasmi kwamba soksi za viwanja vyote vya ndege ziwe zinaletwa kwangu kila mwezi. Ndoo nimeongeza, sasa ziko kumi na mbili. Hebu fikiria, Mheshimiwa, nchi nzima soksi zote zimenyooka, mchana na usiku, kiangazi na masika, upepo uwepo usiwepo! Rubani yeyote akitazama chini, kutoka nchi yoyote, atajua mara moja kwamba hapa wanaishi watu nadhifu. Viwanja vikubwa vinaweza kupata mistari miwili ya pasi. Uwanja wa mheshimiwa rais unaweza kupata mitatu, na pindo.

Nimalizie hapo nisije nikaonekana najisifu. Nisalimie yule mchunguzi mrefu, umwambie kola yake imegeuka upande wa kushoto na inamharibia sura. Msalimie karani aliyepiga chapa ripoti, ana mkono mzuri, kosa si lake. Mke wangu anakusalimu, jirani mwenye tangi anakusalimu akiwa bado anatetemeka, na daktari wa meno anakusalimu na kukukumbusha mkoba. Wazee wote wa ofisi yako, madereva, na mlinzi wa getini, wote nawatakia afya na mashati meupe.

Ni mimi niliyenyooka mbele yako,

Dobi wa mwisho wa uwanja

Nyongeza:

Kabla ya kufunga bahasha humpa mke wangu barua aisome, kwa kuwa mimi ni mzito wa herufi. Amecheka mpaka namba ya tatu. Alipofika namba ya nne akaacha kucheka. Akarudi nyuma, pale penye kunguru, akasoma tena polepole. Kisha akavua miwani na kuniuliza jambo moja tu: "Mzee, kama soksi ilikuwa imenyooka na upepo haukuwepo, huyu mtoto alipotazama chini aliona nini?"

Nikamjibu kwamba aliona kazi nzuri. Akaniuliza tena maneno yale yale. Nikabisha. Nikataja injini, nikataja mvua, nikamtaja daktari wa meno na uzito wake wa kweli. Nilibisha mpaka chai ikapoa. Halafu nikakaa juu ya meza ya pasi, kitu ambacho sijawahi kukifanya wala kumruhusu mtu kukifanya.

Mheshimiwa, namba ya saba ifute yote, na usikubali mtu yeyote, popote, atie wanga soksi ya uwanja wa ndege. Namba ya kwanza hadi ya sita ziache kama zilivyo, ila uzihamishe kutoka kwenye malalamiko uziweke kwenye ushahidi, pamoja na ule ukurasa wa daftari. Soksi ilidanganya, na aliyeifundisha kudanganya ni mimi. Mpwa wangu aliona alichosema ameona, akafanya alichofundishwa. Wiki tatu mtoto wa dada yangu amesema kweli akiwa peke yake, na mimi mjomba wake nilikuwa nimesimama na wale wengine saba.

Nakiri kwamba nimefikiria kuichoma barua hii. Mvua imekwishanifulia kosa langu, msimamizi hatasema neno, na kunguru hawaitwi kwenye kamati. Angejua mke wangu tu. Najua angeninyamazia, lakini angeninyamazia kila siku, na mimi nyumba ya namna hiyo siiwezi.

Kumweleza mpwa wangu mwenyewe kwa mdomo nimeshindwa. Nimemwita mara mbili, na mara zote mbili nimeishia kumtuma vibanio. Sasa yuko uani anaanika mashati, na barua lazima ifike kabla ya Alhamisi, kwa hiyo nitampa yeye aipeleke posta, na bahasha sitaifunga. Nimeikunja mara tatu, ukingo kwa ukingo, kama ninavyokunja kila kitu. Ikikufikia imekunjamana, ujue ameisoma njiani.